Tangu umalize chuo, umeandika nini?

Mpenzi msomaji, kamwene! Ndiyo salamu ya huku kwetu Njombe, na ukiitikia "kamwene" hivyohivyo, basi umeshakuwa mwenyeji. Mwezi huu nina swali moja tu, na naomba ulijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea kusoma: mara ya mwisho wewe kuandika ukurasa mzima, kwa maneno yako mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, ilikuwa lini?

Sizungumzii ripoti ya bosi. Sizungumzii ile barua ya maombi ya kazi uliyoichukua kwa rafiki ukabadilisha jina na anwani. Wala sizungumzii zile "uko wapi", "poa", "ntakucheki baadaye" tunazobofya kwenye simu kutwa nzima mpaka vidole vinauma. Nazungumzia ukurasa. Mwanzo, katikati na mwisho, na wewe mwenyewe uko ndani.

Kama jibu lako ni "utafiti wangu wa mwaka wa mwisho chuoni", usione haya. Hauko peke yako. Nimewauliza swali hili wasomi wenzangu wa hapa Njombe na Makambako: wa benki, wa halmashauri, walimu wa sekondari, wanaofanya biashara ya mbao na parachichi. Karibu wote walicheka kwanza, halafu wakanyamaza kidogo. Mmoja akanijibu, "Dada, mimi tangu nivue joho hata kalamu sina, nikitaka kusaini kitu naazima." Akacheka tena, lakini safari hii peke yake.

Huyu dada, nikwambie, shuleni alikuwa anaandika hadithi zinazosomwa bweni zima. Daftari lilikuwa linapita kitanda kwa kitanda. Leo anasema ameishiwa. Mimi siamini kwamba kaishiwa. Naamini kuna kitu kiliondolewa, na hakuna aliyemwambia.

Shule ilitupa nini?

Tukiacha habari ya maksi, shule ilitupa vitu vitatu ambavyo mtu anayeandika anavihitaji sana. Cha kwanza ni tarehe. Ijumaa saa sita kazi iwe mezani, ukichelewa shauri yako, sapu inakusubiri. Cha pili ni msomaji. Hata kama mwalimu alisoma kwa kalamu nyekundu na hasira ya mshahara, alisoma. Cha tatu ni swali. Mtu mwingine alikaa akafikiri uandike kuhusu nini, wewe ukajibu.

Siku ya mahafali vitu hivyo vyote vitatu viliondoka pamoja. Picha zikapigwa, mashada yakavalishwa, bumu likakoma, na kesho yake hakuna mtu duniani aliyekuwa anangojea ukurasa wako. Ndiyo maana nasema wengi wetu hatukuwa wavivu. Nyumba ilijengwa kwa kuegemea kwenye miti, miti ikatolewa, nyumba ikalala. Kinachotakiwa ni kusimika miti mingine, na safari hii uichague mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi sana. Kuanzia kidato cha kwanza mpaka chuo tumeandika kwa Kiingereza, ukitoa kipindi cha Kiswahili. Kwa hiyo mtu akikaa aandike leo, kitu cha kwanza kinachomjia si wazo, ni woga wa sarufi. Ushauri wangu ni mwepesi: andika kwa lugha unayogombea nayo nyumbani. Mtu akikukanyaga ndani ya Costa unaropoka kwa lugha gani? Hiyohiyo. Iwe Kiswahili, Kibena, Kikinga au Kihehe. Lugha ambayo hasira yako inaijua, na furaha yako inaijua pia.

Walioandika huku wana kazi zao

Najua unachotaka kusema. "Dada mhariri, wewe ndiyo kazi yako, sisi tuna mishemishe." Sawa, tuwaangalie watu waliokuwa na mishemishe.

Shaaban Robert, ambaye jina lake tulilikuta kwenye vitabu vya fasihi, alizaliwa Tanga mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 mpaka 1926, miaka minne tu, halafu akaajiriwa karani wa forodha. Ukarani wa serikali ndio uliokuwa ugali wake kwa zaidi ya miaka 30. Mashairi, riwaya na insha zote zile ziliandikwa na mtu anayewahi ofisini. Na pembeni ya vitabu alikuwa anaandika barua. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 mpaka 1958, zilikuja kuchapishwa kama kitabu. Hebu piga hesabu: miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja. Yeye hakungoja mwalimu ampangie tarehe. Alikuwa na ndugu anayesubiri barua, na hilo lilitosha.

Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Wakati huo alikuwa anaongoza nchi. Sasa wewe unaniambia huna muda kwa sababu ya foleni?

Na yuko Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika hotuba yake ya kupokea tuzo alieleza jinsi alivyokuwa anakipenda kipindi cha kuandika hadithi shuleni. Lakini kuandika kwake kwa ukubwani kulianza baadaye, akiwa kijana huko Uingereza, na upweke wa kuwa mbali na nyumbani. Alianza kujiandikia mwenyewe tu, kurasa za kujaribu kuelewa yaliyompata. Kuna miaka alifanya kazi ya usaidizi hospitalini. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akiwa anakaribia miaka 40. Wewe mwenye miaka 29 unayesema umechelewa, nakuomba uketi, unywe maji.

Na mapenzi yanaingiaje hapa?

Najua hili gazeti mnalinunua kwa sababu gani, kwa hiyo sitawazungusha. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Richard Slatcher na James Pennebaker, walichapisha utafiti wa wapenzi, jozi 86. Mmoja katika kila jozi alitakiwa kuandika kwa dakika 20, siku tatu mfululizo. Baadhi waliambiwa waandike wanavyojisikia hasa kuhusu uhusiano wao, wengine waandike shughuli zao za siku tu. Baada ya miezi mitatu, walioandika kuhusu uhusiano, asilimia 77 walikuwa bado wako na wapenzi wao. Wale wengine ilikuwa asilimia 52. Watafiti waliangalia pia jumbe za papo kwa papo walizotumiana, wakaona walioandika walianza kutumia maneno mengi zaidi ya hisia, na wenzao nao wakaanza kujibu vivyo hivyo.

Sikwambii kalamu ni dawa ya ndoa. Jozi 86 ni chache, na walikuwa vijana wa chuo wa nchi nyingine. Ninachokiona pale ni hiki: mtu akipata dakika 20 za kujua anajisikiaje, anarudi kwa mwenzake na kitu cha kusema. Wengi wetu tunarudi tukiwa na taarifa tu.

Huyohuyo Pennebaker, katika utafiti wa mwaka 1986, aliwapa wanafunzi 46 dakika 15 kwa siku nne waandike. Walioandika kuhusu mambo yaliyowaumiza, tukio pamoja na hisia zake, walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini, na hili watu huliruka, mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo ukiandika usiku ukajikuta unalia, usishangae, na wala usitupe daftari. Na kama ni jeraha ambalo bado bichi kabisa, liache kwanza. Andika la pembeni.

Daftari la Njombe na Makambako

Nyumbani kwangu ilikuwa hivi. Mwenzangu anafanya kazi ya usafirishaji Makambako, pale njia panda ambapo barabara ya Songea inaiacha ile ya Dar kwenda Mbeya na malori hayalali. Mimi na watoto tuko Njombe mjini. Ni kama kilomita 60 tu, lakini wenye kuijua baridi ya huku na zamu za usiku watanielewa: anakuja Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri ameshaondoka. Katikati hapo tuna simu. Na simu yetu ilikuwa imeshakuwa ofisi. "Luku imebaki ngapi?" "Gesi imeisha." "Ada umetuma?" "Nimetuma, angalia." "Sawa, usiku mwema." Hakuna ugomvi, hakuna kosa la mtu. Ila mwezi unaisha hujasikia hata sentensi moja ambayo isingeweza kusemwa na mhasibu.

Nikanunua kaunta buku. Tukakubaliana sheria tatu. Daftari linakaa wiki moja kwake, wiki moja kwangu, linasafiri kwenye begi lake. Aliye nalo anaandika walau ukurasa mmoja kabla ya Ijumaa. Na anayesoma asome akiwa peke yake, na asijibu kwa mdomo mpaka kesho yake.

Ukurasa wake wa kwanza, jamani, nilicheka mpaka watoto wakaja kuuliza. Alianza, "Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Ile ile ya enzi zetu za sekondari, imebaki maua ya pembeni tu na manukato! Wiki nyingine akaandika bei ya dizeli. Nyingine akaandika habari ya dereva aliyeharibikiwa na gari siku tatu akiwa na kuku hai wa kupeleka Tunduma. Nikagundua kitu: mume wangu anajua kusimulia. Miaka yote ile nilikuwa sijui.

Wiki ya saba akaandika ukurasa na nusu. Ofisini kwao walikuwa wamemtajia uhamisho wa kwenda Dar. Kwenye simu alishaniambia, kwa sauti ya kawaida, "Wamesema mambo ya Dar, tutaona." Kwenye daftari aliandika kwamba halali. Kwamba mama yake kijijini ameanza kusahau majina ya wajukuu, na yeye ndiye mtoto pekee aliye karibu. Kwamba anaogopa mimi nitasema twende, maana kazi zangu nyingi ziko huko, na akiwa anaogopa hivyo hawezi kukataa wala kukubali. Mwisho akaandika, "Sijui hili ningelisemaje kwa mdomo."

Nililisoma Jumamosi asubuhi, amewapeleka watoto kunyoa. Sheria ilikuwa nisiseme kitu mpaka kesho yake, na nashukuru ilikuwepo, kwa sababu jibu langu la saa nne asubuhi na jibu langu la Jumapili hayakufanana. Nilimwandikia chini ya ukurasa wake mistari mitatu, nikaacha daftari juu ya meza. Jumapili mchana tuliongea masaa mawili, na Luku haikutajwa. Nilimwomba ruhusa ya kuwaandikia haya. Alinipa mpaka hapo, na hapo ndipo ninapoishia.

Nikikaa nawaza, huku kwetu jambo hili si geni. Enzi za mkoloni wanaume wengi wa Njombe walikwenda Tanga kukata mkonge, na nyumba zikashikiliwa na barua, nyingi zimeandikwa na mkono wa mtu mwingine aliyejua kusoma. Wao walitafuta mtu wa kuwaandikia. Sisi tumesoma miaka 16, na mwenzi wetu yuko umbali wa Costa moja.

Sasa uanzeje?

Mosi, chagua saa unayoiweza, si saa inayokupendeza. Huku Njombe mwezi wa Juni na Julai ukijiwekea kuamka saa kumi na moja alfajiri uandike, blanketi litakushinda siku ya pili. Ning'iniza kuandika kwenye kitu ambacho tayari unakifanya: baada ya chai ya jioni, au ukishawalaza watoto, au ukiwa wa kwanza kufika ofisini.

Pili, anza na kidogo mpaka uone aibu kushindwa. Dakika 15 au nusu ukurasa. Kengele ikilia, acha, hata kama sentensi iko njiani. Kesho utakuwa na pa kuanzia.

Tatu, usianze na "Maisha Yangu". Hiyo mada ni kubwa, itakutisha. Anza na kitu kinachoshikika: bei ya debe la viazi leo, alichosema kondakta, harufu ya mbao mbichi asubuhi, neno ambalo mama yako hulitumia na wewe hujui maana yake. Ukurasa ukishapata miguu utakupeleka wenyewe kwenye makubwa.

Nne, tafuta msomaji mmoja. Mmoja anatosha, muulize Shaaban Robert. Awe mwenzi, ndugu, au rafiki wa chuo ambaye mtabadilishana kurasa kila mwisho wa mwezi. Na ukiona mkono umekomaa, milango ipo: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023, na ile ya Kiswahili ya Safal na Cornell ilianzishwa mwaka 2014. Mashindano yana kitu kimoja kizuri kuliko fedha: yana tarehe ya mwisho.

Tano, ukikosa siku moja, usijihukumu. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 kuona tabia mpya inachukua muda gani kukaa. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha wastani wa siku 66, lakini kulikuwa na tofauti kubwa, kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo yule aliyekwambia siku 21 alikupunja. Jipe miezi miwili au mitatu, na ukiteleza Jumanne, Jumatano kaa ukaandike.

Neno kwa aliye pembeni ya mwandishi

Wewe ambaye mwenzi wako ndiye ameshika kalamu, nawe una kazi. Ya kwanza, usichungulie. Daftari la wawili ni la wawili, daftari lake ni lake. Kama unadhani kuna siri ndani, tatizo lenu halimo ndani ya daftari. Ya pili, usimcheke mbele za watu. "Eti siku hizi mwandishi huyu!" Maneno hayo ni mepesi kwako, lakini yanaweza kufunga kalamu ya mtu miaka mitano.

Ya tatu ndiyo nzito. Muda wa kuandika nyumbani hauokotwi, hugawanywa. Nimeona nyumba ambazo baba akitaka kuandika mlango unafungwa na watoto wanaambiwa nyamaza, mama akitaka kuandika anasubiri vyombo viishe, na vyombo haviishi. Dakika 15 za mama zinatoka wapi? Zinatoka kwa mtu mwingine kukamata sufuria. Akina baba, naongea nanyi kwa heshima zote. Ukimpa mkeo kadi na maua siku ya Valentine na usimpe robo saa ya kukaa na mawazo yake, umempa karatasi tu.

Haya, kazi ya mwezi huu. Nunua daftari, usitumie lile la mtoto. Leo usiku, zima data, andika nusu ukurasa kuhusu jambo moja ambalo umekuwa unataka kumwambia mtu fulani na halijapata nafasi kati ya gesi na ada. Usimpe bado. Lisome kesho mchana ukiwa umeshiba. Kama bado ni kweli, mpe.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.